Simu kuukuu isisasishwe kiholela, wala isiachwe hivi hivi

Kwa muda wa miezi miwili simu yangu ya mkononi ilikuwa ikinisumbua kama mdai aliyeambiwa aje kesho. Kila jioni, nikiwa nimeketi mlangoni hapa Kisumu Ndogo, Kibera, nikisahihisha insha za Gredi ya 8, ilitoa mlio na kunionyesha ujumbe ule ule: sasisho la mfumo li tayari kupakuliwa, ukubwa wake ni gigabaiti 1.4. Chini ya ujumbe huo palikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kukubali na kingine cha kuahirisha. Nami nikawa naahirisha.

Huenda msomaji akashangaa kwamba jambo dogo kama hili limepata nafasi katika ukurasa wa maoni. Nami nilidhani hivyo mpaka siku nilipolitaja katika chumba cha walimu. Tulikuwa saba, na wengi wetu tulikuwa na simu zenye ujumbe wa aina hiyo, lakini hakuna wawili waliokubaliana. Mwalimu wa Hisabati alisema kwamba anayekataa sasisho ni sawa na mtu alalaye na mlango wazi. Mwalimu wa Dini akamjibu kwamba masasisho ni hila ya watengenezaji ya kuziua simu kuukuu ili tununue mpya. Akatukumbusha kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwenzake naye akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kengele ikalia, tukaenda madarasani bila mwafaka, kila mmoja na methali yake.

Katika kijiji chetu simu si pambo. Kisumu Ndogo, kwa wasiopajua, ni mojawapo ya vijiji vinavyounda Kibera. (Korogocho nako kuna mahali penye jina lilo hilo, jambo ambalo limewahi kumpoteza mgeni wangu kwa saa mbili.) Tarakilishi katika nyumba zetu ni nadra. Kwa hivyo simu moja ndiyo benki, ndiyo ofisi, ndiyo redio, ndiyo kurunzi wakati stima inapopotea. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mnamo Machi 2007, tumezoea kulipia kodi ya nyumba, unga na hata maji ya mtungi kwa chombo hicho. Mwalimu hujazia ndani yake fomu za tathmini za Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, na hupitishia humo humo alama zinazotakiwa na Baraza la Mitihani, KNEC. Shule zilipofungwa mnamo Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa nikipiga picha za mazoezi na kuzituma kwa wazazi. Mtoto alingoja mama arudi kazini jioni ndipo aisome picha ya zoezi la asubuhi. Chombo chenye majukumu kama hayo hakiguswi bila kufikiri.

Tena ninayo sababu ya kuogopa. Mwaka 2021 nilikuwa na simu nyingine, nayo iliniletea ujumbe kama huu. Sikuuliza mtu. Usiku mmoja nikabonyeza kitufe cha kukubali, nikaiacha simu kwenye chaja, nikalala. Betri ilikuwa karibu kwisha, lakini simu ilikubali kuanza kazi kwa kuwa ilikuwa imechomekwa. Saa nane za usiku stima ikapotea kijiji kizima. Asubuhi niliikuta imezima, na nilipoiwasha ilionyesha nembo ya kampuni, ikazima, ikaonyesha nembo tena, ikazima, mchana kutwa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko la Toi. Akaitazama, akaniambia, "Mwalimu, kuifufua naweza, lakini vilivyokuwa ndani vimekwenda." Vilivyokuwa ndani ni alama za muhula mzima za madarasa matatu, hesabu za chama cha watu 14 ambacho mimi ndimi mweka hazina wake, na sauti ya marehemu mama akinipigia kelele kwa nini sijaenda nyumbani Krismasi. Alama nilizikusanya upya kutoka kwa daftari za wanafunzi. Hesabu za chama zilizua maneno ambayo hadi leo hayajaisha kabisa.

Kwa hiyo nilipoiona simu yangu ya sasa ikilia, nilijiambia kwamba safari hii sitabonyeza wala sitakataa mpaka nielewe ninachoambiwa nibonyeze.

Nianze na neno lenyewe. Kusasisha kumetokana na "sasa": kukifanya kitu kiwe cha sasa. Vijana wetu husema "kuapdeti", na sina ugomvi nao. Lakini chini ya neno hilo moja mna vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Cha kwanza ni marekebisho ya usalama. Haya aghalabu ni madogo, hayabadilishi sura ya simu, na kazi yake ni kuziba matundu ambayo wadukuzi wameyagundua au wanaweza kuyagundua. Cha pili ni kuubadilisha mfumo wote wa uendeshaji, kwa mfano kutoka Android 9, iliyotolewa mwaka 2018, hadi Android 10, iliyotolewa mwaka 2019. Hiki ni kikubwa, hula nafasi, na huja na mambo mapya ambayo yalibuniwa kwa kuzingatia simu zenye nguvu zaidi. La kwanza ni kama kubadilisha kufuli, na la pili ni kama kuezua paa na kuezeka upya ilhali mnaishi ndani. Mjadala wetu wa chumba cha walimu haukuzaa matunda kwa sababu mmoja alikuwa akizungumzia kufuli na mwingine paa.

Wanaoshuku masasisho si watu wa kupuuzwa. Mnamo Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yakizipunguzia kasi baadhi ya iPhone zilizokuwa na betri zilizochakaa. Maelezo yake yalikuwa na mantiki: betri iliyozeeka hushindwa kutoa umeme wa kutosha simu inapofanya kazi nzito, na simu huzima ghafla; ili isizime, ikapunguzwa kasi. Kosa ni kwamba wenye simu hawakuambiwa. Wengi walidhani simu zimekwisha, wakanunua nyingine, ilhali kubadilisha betri kungetosha. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10, na Samsung euro milioni 5, kwa kuwahimiza wateja kuweka masasisho yaliyozilemea simu zao bila kuwaonya. Ufaransa nayo ikaitoza Apple euro milioni 25 mnamo Februari 2020. Kwa hivyo mwenzangu wa Dini hakuwa akiota ndoto. Tofauti yetu ni kwamba yeye huona njama katika kila sasisho, nami naona kwamba hata pasipo na njama, mfumo mkubwa katika simu ndogo ni mzigo wa punda kumbebesha mbuzi.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Julai 2015 iligunduliwa kasoro katika Android, ikaitwa Stagefright, ambayo ingemwezesha mdukuzi kuingia katika simu ya mtu kwa kumtumia ujumbe wa picha au video tu, hata kabla mwenyewe hajaufungua. Ni baada ya tukio hilo ndipo Google ilianza, Agosti mwaka huo huo, kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi. Na miaka miwili baadaye dunia ilipewa somo lililo wazi zaidi. Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu fulani katika Windows. Wengi wakaahirisha, kama nilivyokuwa nikiahirisha mimi. Tarehe 12 Mei kirusi cha WannaCry kikapitia tundu hilo hilo, kikafunga tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwapo kwa miezi miwili. Haikunywewa.

Mtu atasema: mdukuzi gani atanitafuta mimi wa Kisumu Ndogo? Swali hilo linatokana na kudhani kwamba mdukuzi huchagua mtu. Aghalabu hachagui, ila hutupa wavu na kuvua chochote. Na katika simu ya mwalimu mna kitu cha kuvuliwa: majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa, nambari za wazazi wao, maendeleo yao darasani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za watu zilindwe, na za watoto zaidi. Tunaishi na taarifa hizo mifukoni, ndani ya matatu, sokoni, mahali popote.

Basi nikaichunguza simu yangu, na hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo halikuwa limenipitikia. Simu hii niliinunua kwa mtu, ikiwa imetumika. Ina mfumo wa Android 9. Sasisho lililokuwa likinililia lilikuwa la Android 10, na yule aliyekuwa nayo kabla yangu bila shaka alikuwa akiliahirisha vilevile. Maana yake ni kwamba hicho nilichokuwa nikikiogopa kwa upya wake nacho ni kikongwe. Google yenyewe haitoi tena marekebisho ya usalama kwa Android 9 wala kwa Android 10. Nikikubali, nitapata yale yaliyozibwa hadi siku ya mwisho ambayo mtengenezaji aliikumbuka simu hii, kisha basi. Hakuna jingine litakalokuja. Nilikuwa nikiombwa niihame nyumba yenye nyufa kumi niende katika nyumba yenye nyufa sita, na kote kuwili fundi ameshaondoka.

Hapa ndipo penye uchungu wa suala hili, na naomba nikae hapo kidogo.

Simu za bei nafuu, ambazo ndizo tunazozimudu, mara nyingi hupewa sasisho kubwa moja, au halipo kabisa, na marekebisho ya usalama ya muda mfupi. Wakati huo huo Google iliahidi mnamo Oktoba 2023 kwamba simu yake ya Pixel 8 ingesasishwa kwa miaka 7, na Samsung ikatoa ahadi kama hiyo kwa Galaxy S24 mnamo Januari 2024. Bei ya simu hizo ni mishahara ya miezi kadhaa ya mtu wa hapa. Kwa hivyo aliye na uwezo wa kununua simu mpya kila mwaka ndiye aliyehakikishiwa kwamba simu yake haitazeeka, na yule atakayeitumia simu moja mpaka iishe, kisha ampe mwanawe, ndiye anayeachwa njiani baada ya miaka miwili. Tangu Julai 2020 Wakenya wamepata nafasi ya kununua simu kwa kulipa shilingi 20 kwa siku, na mnamo Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganishia simu kilifunguliwa Athi River. Haya ni mambo ya kushukuru. Lakini ni nani aliyewahi kumwambia mnunuzi, kabla hajaanza kulipa shilingi hizo 20, kwamba simu hiyo itasasishwa hadi mwaka gani?

Serikali yetu haikosi macho juu ya simu zetu. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu bandia zilizimwa nchini kote. Kuanzia Januari 1, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano na ile ya Ushuru zilitaka nambari za utambulisho za simu zinazoingizwa nchini zijulikane, ili ithibitike kwamba ushuru umelipwa. Kama inawezekana kuuliza ikiwa simu imelipiwa ushuru, inawezekana pia kuuliza italindwa kwa muda gani. Umoja wa Ulaya umeshafanya hivyo: tangu Juni 20, 2025 mtengenezaji anayeuza simu huko analazimika kutoa masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya kuacha kuiuza aina hiyo. Sisemi tunakili kila kifungu. Nasema pakiti ya maziwa huandikwa tarehe ya kuharibika, na mnunuzi hachukizwi. Simu iandikwe juu ya boksi lake, kwa Kiswahili, tarehe ya sasisho la mwisho. Anayeiona tarehe iko karibu ataomba apunguziwe bei.

Nikirudi kwa vijana wangu, na hili nawaambia wanafunzi hasa: simu ikishaachwa na mtengenezaji, mtaani kuna wengi walio tayari kumsaidia mwenyewe. Programu inakataa, mwenzio anakuambia usijali, nitakuhamishia yangu kwa Xender. Hivyo ndivyo zinavyosambaa nakala zisizo rasmi kama GBWhatsApp, ambazo hupendwa kwa kuwa zina madoido mengi na huwekwa katika simu hata pale ambapo duka halali la programu halihusiki. Aliyeitengeneza hajulikani, anachokisoma ndani ya simu hakijulikani, na WhatsApp yenyewe huzifungia akaunti za wanaoitumia. Aidha, ujumbe wa kukuambia usasishe simu ukija kwa njia ya SMS au kiungo ndani ya kundi la WhatsApp, huo si wa mtengenezaji. Sasisho la kweli hupatikana ndani ya mipangilio ya simu yenyewe. Mzazi mmoja wa darasa langu alibonyeza kiungo cha aina hiyo mwaka jana, na kwa siku tatu kundi zima la wazazi likawa linapokea picha ambazo, ashakum si matusi, siwezi kuzielezea hapa.

Basi niliamuaje? Nilikubali, ila kwa masharti yangu.

Kwanza niliipima nafasi. Simu ina gigabaiti 16, na mfumo, picha na video za mazishi na harusi vilikuwa vimebakisha chini ya 2. Sasisho linahitaji nafasi ya kulipakua na nafasi nyingine ya kulifungua. Nilifuta video, nikaondoa programu tano ambazo sikumbuki nilizitakia nini. Kisha nikaenda kwa kijana mwenye saiba karibu na reli, nikanakili kila kitu katika diski ndogo: alama, hesabu, picha. Majina ya watu niliyahifadhi katika akaunti ya Google. Laini yangu ya M-Pesa niliitoa kabisa, nikaitia katika kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo na kurunzi. Wako wanaocheka, lakini M-Pesa ya kubofya *334# haiulizi una Android gani, na mdukuzi wa intaneti hana mlango wa kuingilia simu isiyo na intaneti. Wanawake wengi wanaouza mboga hapa wamekuwa wakifanya hivi kabla yangu, bila kusoma makala yoyote.

Data nayo ina hila zake. Bando la saa moja ni rahisi, lakini mtandao ukilegea saa huisha sasisho likiwa nusu, na ukiwasha data nyingine linaanza kumeza fedha halisi. Kukatika kwa upakuaji peke yake hakuiharibu simu. Huendelea ama huanza upya. Hatari iko wakati wa kusimika. Tangu Android 7 ya mwaka 2016 upo mpango wa kuweka nakala mbili za mfumo ili moja ikishindwa simu irudie ile ya kwanza, lakini simu nyingi zenye nafasi ndogo hazikupewa mpango huo. Ya kwangu ya mwaka 2021 bila shaka haikuwa nao. Kwa hiyo nilingoja Jumamosi, nikaenda shuleni kulikokuwa na waifai, nikajaza betri mpaka 100, ndipo nikabonyeza. Nilikaa mbele yake dakika 40 kama mtu anayengoja mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Mwalimu wa Dini alipita mara mbili kuniuliza kama imeshakufa.

Haikufa. Sitadai kwamba imekuwa mpya. Inachelewa kufungua kamera, na betri ambayo ilikuwa ikifika saa mbili za usiku sasa huisha machweo. Ningekuwa na simu yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 tu, nisingethubutu; ningechukua marekebisho ya usalama kama yapo, na paa ningeliacha lilivyo. Yangu ina 2. Nimepata nilichokitaka, yaani matundu machache zaidi, na programu za kazi ambazo zilikuwa zimeanza kuninunia sasa zinafunguka. Alama za wanafunzi nimezihamishia katika daftari la karatasi pia, na kila Ijumaa hupitia kwa yule kijana wa saiba.

Juzi habari hizi zilimfikia jirani yangu, mama anayekaanga samaki pale kona. Alinijia jioni akiwa ameishika simu yake, kioo kimepasuka pembeni, kava limefungwa kwa mpira. "Mwalimu, nimesikia ulitengeneza yako. Na hii yangu nifanyie hivyo." Alikuwa ameipata kwa mwajiri wake wa zamani huko Lavington, na kwa miaka mingi ilimwezesha kumwona binti yake aliye Doha kila Jumapili. Sasa WhatsApp inamwambia kwamba simu yake haikubaliki. Nilifungua mipangilio: Android 4.4, ya mwaka 2013. WhatsApp haiutaki mfumo wowote ulio chini ya Android 5.0. Nilibonyeza mahali pa kutafuta sasisho. Simu ikazunguka kwa muda, kisha ikaandika kwamba mfumo wake umesasishwa kikamilifu.

Akaniuliza imesema nini.